Mnyoo aliyegoma kukua: maikroRNA zilivyogunduliwa na zinavyonyamazisha jeni (uzi mrefu)

Mwl_Hadubini

Wakuu, salaam.

Nafundisha biolojia kidato cha tano na cha sita. Wiki iliyopita tukiwa kwenye mada ya jeni, binti mmoja wa dawati la nyuma alinyoosha mkono: "Mwalimu, umesema kila seli ya mwili ina DNA ileile. Sasa mbona jicho langu halitoi nyongo?"

Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, maana hilo ndilo swali lenyewe. Seli ya jicho imebeba maelekezo yote ambayo ini huyatumia kutengeneza nyongo. Yamo humo, herufi kwa herufi. Jicho na ini vinatofautiana kwa jeni zipi zinasema, zipi zimenyamazishwa, na zimenyamazishwa wakati gani. Nilimjibu nilivyoweza ndani ya dakika arobaini za kipindi, lakini moyo haukutulia. Jibu kamili lina mnyoo ndani yake, lina watu waliohangaika miaka mingi, na mwisho wake uko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Nitauleta vipande vipande. Mwenye swali aulize palepale.

Tukumbushane njia ya kawaida. DNA inakaa ndani ya kiini cha seli, haitoki. Jeni ikitakiwa kufanya kazi, maelekezo yake yananakiliwa kwenye RNA, na nakala hiyo tunaiita RNA mjumbe. Mjumbe anatoka kwenye kiini, anakwenda kwenye ribosomu, anasomwa, protini inaundwa. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba ukitaka kuizuia jeni unaizuia kule mwanzo, kwenye DNA: kuna protini zinazoshika DNA na kuamua jeni inakiliwe au isinakiliwe. Hilo ni kweli, na ndipo masomo yetu ya shule huishia.

Kumbe kuna zuio jingine mbele ya safari. Mjumbe ameshaandikwa, ameshatoka kwenye kiini, yuko njiani, halafu anakutana na kijipande cha RNA kinachomziba mdomo. Mjumbe wa kawaida ana herufi zaidi ya elfu moja. Hicho kinachomziba kina herufi 22 hivi. Ndiyo maikroRNA.

Kijana_wa_Chuga

Mkuu nimeweka kambi hapa. Ila umesema mnyoo. Mnyoo na mimi wapi na wapi?

Mwl_Hadubini

Hata wanasayansi waliuliza hivyohivyo, tena kwa miaka saba. Nitafika huko.

Mnyoo mwenyewe ni *Caenorhabditis elegans*. Msimchanganye na minyoo ya tumboni. Huyu hamdhuru mtu, anakaa kwenye udongo na matunda yaliyooza akila bakteria, na urefu wake ni milimita 1. Mwili wake unapitisha mwanga, kwa hiyo ukimweka chini ya hadubini unaziona seli zake zikigawanyika akiwa hai. Sydney Brenner, mzaliwa wa Afrika Kusini, alimchagua miaka ya 1960 kule Cambridge. Mwenzake John Sulston akakaa kwenye hadubini akifuatilia seli moja baada ya nyingine. Mnyoo mzima anayetaga ana seli za mwili 959, na 302 kati ya hizo ni za neva. Kila moja inajulikana imetoka wapi: seli fulani binti wa fulani, mjukuu wa fulani, mpaka unafika kwenye yai. Hakuna mnyama mwingine ambaye nasaba yake ilikuwa imeandikwa kwa ukamilifu huo.

Ukishakuwa na nasaba kama hiyo, kosa dogo linaonekana mara moja.

Mnyoo huyu anapitia hatua nne za utoto kabla ya kuwa mzima, na kila hatua ina migawanyiko yake ya seli. Kuna jeni inaitwa lin-4. Mnyoo ambaye lin-4 yake imeharibika anairudia hatua ya kwanza, tena na tena. Mwili unarefuka, lakini seli zinaendelea kufanya mambo ya utotoni. Tundu la kutolea mayai haliundwi kamwe. Mayai yanajaa ndani, na watoto wanaanguliwa humohumo tumboni mwa mama yao. Jeni nyingine ni lin-14. Hiyo ikiharibika, mambo yanakuwa kinyume: mnyoo anairuka hatua ya kwanza na kuanza mambo ya ukubwani kabla ya wakati.

Mmoja amegoma kukua, mwingine amewahi kukua. Naomba mlishike neno *wakati*, maana tutalirudia mwishoni.

Miaka ya 1980, kwenye maabara ya Robert Horvitz pale MIT, Marekani, vijana wawili waliomaliza udaktari wao walikuwa wakiwachunguza minyoo hawa: Victor Ambros na Gary Ruvkun. Ambros alionyesha kwamba lin-4 ndiyo inayoizuia lin-14. Namna inavyoizuia hakuna aliyeijua. Walipoondoka kwenda kufungua maabara zao waligawana kazi. Ambros alikwenda Harvard na lin-4, Ruvkun akaenda hospitali ya Massachusetts General, Boston, na lin-14.

Mnyamwezi_77

Tiririka mwalimu. Huyu wa lin-4 alikuwa na kazi ngumu au mwenzake?

Mwl_Hadubini

Wa lin-4, bila shaka, na hapa nataka niende polepole, kwa sababu hiki ndicho kipande ninachokipenda kuliko vyote.

Kwanza majina. Tuzo ya Nobel ya Tiba ya 2024, iliyotangazwa Oktoba 7, ilikwenda kwa Ambros na Ruvkun. Lakini fungua makala yenyewe ya lin-4: jina la kwanza ni Rosalind Lee, ambaye ni mke wa Ambros, na la pili ni Rhonda Feinbaum. Mikono iliyoitafuta jeni ile ni ya wanawake hawa wawili. Mabinti wangu wa kidato cha sita nimewaandikia majina hayo ubaoni.

Kazi ilikuwa hivi. Unachukua kipande kirefu cha DNA ya mnyoo mzima, unamdunga nacho mnyoo mgonjwa kwenye sehemu inayotengeneza mayai, kisha unasubiri watoto wake. Watoto wakizaliwa wazima, wakataga, basi lin-4 imo ndani ya kipande hicho. Unakikata, unadunga tena nusu hii, unadunga nusu ile. Unaendelea kukata. Mwisho walibaki na kipande cha herufi kama 700, bado kinaponya.

Wakaanza kutafuta ndani yake maelekezo ya protini, maana jeni zilijulikana kwa protini zake. Hayakuonekana. Wakaharibu kwa makusudi sehemu ambazo zingeweza kusomwa kama protini. Minyoo ikaendelea kupona. Mtu mwingine angesema sampuli imechafuka, tuanze upya. Wao wakaenda kuitafuta RNA yenyewe.

RNA unaitenganisha kwa kuipitisha kwenye jeli yenye umeme. Vipande vikubwa vinakwenda kwa kujikokota, vinabaki juu. Vidogo vinakimbia kuelekea chini. Ukichelewa kuzima umeme, vile vidogo kabisa vinatokea upande wa pili na kupotea. Anayetafuta RNA mjumbe huangalia juu. Huku chini kabisa hatarajii kitu cha maana, anadhani ni makombo ya RNA iliyovunjika. Sasa lin-4 ilitoa mistari miwili, yote huko chini: mmoja wa herufi 61, mwingine wa herufi 22. Hii ya 22 ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi yote ya jeni ile. Haikuwa na protini wala ahadi ya protini.

Upande wa pili, Ruvkun na wenzake, Bruce Wightman na Ilho Ha, walikuwa wameona mambo mawili. La kwanza: lin-4 inapofanya kazi, protini ya lin-14 inashuka sana, lakini RNA mjumbe wake yuko palepale. Kwa hiyo zuio haliko kwenye kunakili, liko baada ya kunakili. La pili: kuna minyoo ambayo lin-14 yake haizimiki hata kidogo, na yote ilikuwa imekatika mahali pamoja, kwenye mkia wa mjumbe, ile sehemu inayofuata baada ya maelekezo ya protini kwisha. Kwa maneno mengine, kuna kitu kinaushika mkia.

Mwaka 1992 wakapeana mfuatano wa herufi, kila mmoja akiwa na nusu yake. Mnajua kanuni: A hushikana na U, G hushikana na C. Wakauweka uzi mfupi wa lin-4 chini ya mkia wa lin-14, herufi zikaanza kushikana. Si mahali pamoja tu, mahali saba kwenye mkia huohuo. Kushikana kwenyewe hakukuwa kamili, kuna herufi zilizoachana katikati, lakini zilizoshikana zilitosha.

Makala zao mbili zilitoka pamoja kwenye jarida la Cell, Desemba 1993. Kinachonigusa ni kwamba kila mmoja angeweza kuifungia nusu yake kabatini akisubiri amtangulie mwenzake. Kwa nusu moja tu lisingeonekana lolote.

Daktari_Mtarajiwa

Mwalimu heshima yako. Sisi chuoni tulifundishwa habari ya RNA yenye nyuzi mbili, ile ya Fire na Mello. Ni kitu kilekile?

Mwl_Hadubini

Ni ndugu, si mtu mmoja. Andrew Fire na Craig Mello mwaka 1998 walionyesha kwamba ukimwingizia mnyoo RNA ya nyuzi mbili inayofanana na jeni yake, jeni hiyo inazimika, na wakapata Nobel 2006. Mwaka 1999 Andrew Hamilton na David Baulcombe wakazikuta RNA fupi kwenye mimea iliyozimwa jeni. Hapo watu wakaanza kushtuka kwamba vijipande vya herufi ishirini na kitu vinaonekana kila upande. Mitambo ya ndani inashirikiana kwa sehemu kubwa. Tofauti yake ni kwamba ile ya Fire na Mello huanza na RNA ngeni, ya virusi au ya kudungwa, na hulenga jeni inayofanana nayo kabisa. MaikroRNA ni jeni ya mwili wenyewe, umezaliwa nayo, ina kazi zake tangu tumboni.

Narudi kwa swali la Kijana wa Chuga.

Makala za 1993 hazikuleta kishindo. Wasomaji walizikubali, lakini walisema ni mambo ya mnyoo. lin-4 ilitafutwa kwa wanyama wengine haikuonekana kwa njia za wakati ule (baadaye sana ndipo ilipokuja kujulikana kwamba binadamu ana ndugu yake, miR-125). Miaka saba ikapita na mfano mmoja tu.

Februari 2000 maabara ya Ruvkun ikatangaza ya pili: let-7, herufi 21, nayo ni jeni ya wakati, inamvusha mnyoo kutoka hatua ya mwisho ya utoto kwenda ukubwani. Safari hii walipoitafuta kwingine waliikuta. Novemba mwaka huohuo makala nyingine ikatoka: let-7 ipo kwa nzi, ipo kwa samaki, ipo kwa konokono wa baharini, ipo kwa binadamu. Na herufi ni zilezile 21, hazijabadilika hata moja. Mimi na wewe na yule mnyoo tuliachana njia zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, vitu chungu nzima vimebadilika, lakini huo uzi wa herufi 21 umepokezana mkono kwa mkono bila kuharibika. Kitu hakitunzwi namna hiyo kama hakina kazi nzito.

Oktoba 2001 jarida la Science likachapisha makala tatu kwa mpigo, kutoka maabara ya Thomas Tuschl nchini Ujerumani, ya David Bartel pale MIT, na ya Ambros ambaye wakati huo alikuwa Dartmouth. Zilileta maikroRNA kadhaa mpya, na hapo ndipo jina lenyewe lilipoanza kutumika. Leo binadamu anajulikana kuwa na jeni za maikroRNA zaidi ya elfu moja.

Kijana_wa_Chuga

Nimekuelewa mkuu, hapo kwenye herufi 21 nimesisimka. Sasa inazibaje mdomo? Ni kufunika tu?

Mwl_Hadubini

Jeni ya maikroRNA inanakiliwa kwanza kama uzi mrefu unaojikunja kama pini ya nywele. Ndani ya kiini, kimeng'enya kinachoitwa Drosha kinaikata ibaki pini fupi ya herufi sitini au sabini. Ile 61 waliyoiona kwenye jeli ndiyo hiyo. Pini inasafirishwa nje ya kiini, huko inakutana na kimeng'enya cha pili, Dicer, kinachokata kichwa cha pini. Zinabaki nyuzi mbili fupi zilizokumbatiana. Uzi mmoja unachukuliwa na protini iitwayo Argonaute, wa pili kwa kawaida unatupwa.

Argonaute ndiyo yenye nguvu, lakini haijui imshike nani. Uzi ule mfupi ndio unaoiongoza. Herufi ya 2 mpaka ya 8 ndizo zenye uzito zaidi, wataalamu huziita mbegu. Mbegu ikishikana na mkia wa mjumbe, Argonaute inaita wenzake: mjumbe anazuiwa kusomwa, mkia wake unafupishwa, na mara nyingi mwisho wake anavunjwa kabisa.

Kwa kuwa mbegu ni fupi, maikroRNA moja inaweza kuwashika wajumbe wa mamia ya jeni, na mjumbe mmoja anaweza kushikwa na maikroRNA kadhaa. Zaidi ya nusu ya jeni zetu zinazotengeneza protini zina alama za kushikwa. Na mara nyingi haizimi moja kwa moja. Mnaopikia jiko la mkaa mnajua: ukitaka wali uive taratibu huumwagii moto maji, unafunga kidirisha cha chini hewa ipungue. MaikroRNA nyingi zinafanya kazi ya kile kidirisha.

Kwa hiyo binti yangu wa dawati la nyuma nimeshamjibu hivi: seli za ini zimejaa miR-122, za misuli zimejaa miR-1, za jicho zina za kwake. Protini zinazokaa kwenye DNA zinaanza kazi ya kuchagua jeni, maikroRNA zinafuta sauti zilizobaki. Na kirusi cha homa ya ini C kimeizoea miR-122 kiasi kwamba kinaitumia kujistawisha, bila hiyo kinadhoofika. Hiyo iligunduliwa 2005.

Daktari_Mtarajiwa

Na zikiharibika? Nimesoma habari za saratani juujuu.

Mwl_Hadubini

Mwaka 2002 George Calin na Carlo Croce walionyesha kwamba wagonjwa wengi wa aina moja ya saratani ya damu, ile ya polepole ya wazee, wamepoteza kipande cha kromosomu ya 13 ambapo jeni za miR-15 na miR-16 zimekaa. Watu walikuwa wamekichambua kipande kile miaka wakitafuta jeni ya protini, wasiipate. Watoto wanaozaliwa na kasoro kwenye jeni ya Dicer wana hatari ya uvimbe wa mapafu, figo na tezi ya shingo. Kasoro ya herufi moja kwenye mbegu ya miR-96 inaleta uziwi unaorithiwa katika familia.

Tiba imekuwa ngumu kuliko ugunduzi. Dawa moja ya kuiga miR-34 ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani, ikasimamishwa 2016 kwa sababu kinga ya mwili ilivurugika vibaya na kuna wagonjwa waliofariki. Mpaka Nobel inatangazwa hapakuwa na dawa ya maikroRNA iliyoidhinishwa. Nalisema hili wazi kwa sababu nimeona matangazo ya virutubisho mtandaoni yenye jina hilo. Msitoe hela zenu.

Mama_Wawili

Mwalimu, samahani kama natoka nje ya mada. Si msomi wa mambo haya, nimesoma tu kwa sababu umeandika taratibu. Mwanangu wa pili ana selimundu. Alizaliwa mzima kabisa, mnene, anacheka. Alipofika miezi saba vidole vya mikono na miguu vikavimba vyote, analia ukimgusa. Nilidhani ameng'atwa na mdudu. Ndipo tukaambiwa. Swali langu limenikaa miaka minne: kama alizaliwa nao, ulikuwa wapi miezi yote ile? Umesema tushike neno wakati, nikaona labda nikuulize wewe.

Mwl_Hadubini

Mama, pole sana. Hukutoka nje ya mada hata kidogo. Umeuliza swali la mnyoo yule kwa maneno ya mzazi.

Himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba hewa kwenye damu, ina aina mbili kuu maishani. Mtoto akiwa tumboni anatengeneza himoglobini F. Baada ya kuzaliwa anaiacha polepole na kuhamia himoglobini A, ile ya wakubwa. Kosa la selimundu liko kwenye jeni ya mnyororo wa beta, ambao ni sehemu ya himoglobini A, na mnyororo huo haumo kabisa kwenye F. Kwa hiyo mwanao alizaliwa na jeni yenye kosa, ni kweli, lakini damu yake ilikuwa bado ya kitoto, imejaa F. F inapopungua, kwenye miezi mitano, sita, saba, chembe zinaanza kujikunja kama mundu, na mara nyingi pa kwanza kuonekana ni vidole, kama ulivyosimulia. Ugonjwa ulikuwa unasubiri damu ikue.

Sasa nani anaiambia damu ikue? Anayeifunga jeni ya F ni protini inayoitwa BCL11A. Na kwenye saa inayoamua lini, wamo wale wale wa kwenye mnyoo. Mnyoo ana jeni nyingine ya wakati, lin-28, ambayo nayo inazuiwa na lin-4. Binadamu tuna ndugu yake, LIN28B, na kazi yake mojawapo ni kuibana let-7, ile ya herufi 21. Kwenye seli za damu za mtoto aliye tumboni LIN28B iko juu na let-7 iko chini. Kwa mtu mzima ni kinyume. Watafiti walipoirudisha LIN28B kwenye seli za damu za watu wazima, zikiwa maabara, let-7 ilishuka na F ikapanda. Baadaye ikaonekana pia kwamba LIN28B inamzuia mjumbe wa BCL11A moja kwa moja, kwa hiyo njia ni zaidi ya moja.

Kuna ushahidi mwingine, wa huzuni. Watoto wanaozaliwa na kromosomu ya 13 tatu badala ya mbili huchelewa kuiacha F. Hilo lilijulikana tangu miaka ya 1960 bila sababu kueleweka. Mwaka 2011 Vijay Sankaran na wenzake walionyesha kwamba miR-15a na miR-16-1, zilizoko kwenye kromosomu hiyohiyo, zinachangia. Ndizo zile nilizomtajia Daktari Mtarajiwa kwenye saratani ya damu. Zikipotea ni balaa moja, zikizidi F inabaki.

Na kuna watu wameshaijaribu njia hii kwa wagonjwa. Boston, wataalamu walichukua seli za uboho wa mgonjwa mwenyewe, wakaziingizia kwa kirusi kilichoondolewa makali kijipande kilichoundwa kwa umbo la maikroRNA, kazi yake kumziba mdomo mjumbe wa BCL11A, kisha wakazirudisha mwilini. Matokeo ya wagonjwa sita yalichapishwa mwanzoni mwa 2021: kwa wote F ilipanda na kubaki juu. Sitaki kukupa tumaini la haraka. Kabla ya seli kurudishwa mgonjwa hupewa dawa kali za kusafisha uboho, gharama yake ni kubwa mno, na si kitu utakachokikuta kliniki yetu kesho. Lakini dawa ya selimundu iitwayo haidroksiyurea, kama mwanao anapewa, nayo inapandisha F. Usiiache hata akionekana mzima.

Mama_Wawili

Mwalimu nimelia. Miaka minne nilikuwa nadhani kuna kitu nilimlisha. Anapewa haidroksiyurea, ndiyo. Baba yake na mimi wote tumepimwa ni AS, yaani kila mmoja ana jeni moja ya selimundu na moja ya kawaida. Walituambia AS inakinga malaria, ni kweli au ni maneno ya kutufariji?

Mwl_Hadubini

Hukumlisha kitu, mama. Hakuna chakula kinachofanya hivyo.

Ni kweli. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwa uchunguzi wa hapa Afrika Mashariki kwamba wenye AS wana kinga dhidi ya malaria. Kinga hiyo ina sababu kadhaa, na mojawapo imo kwenye mada yetu. Chembe nyekundu ya damu haina kiini wala DNA, lakini imebeba maikroRNA tele. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walionyesha kwamba miR-451 ni nyingi zaidi kwenye chembe za AS na SS (mwenye selimundu) kuliko kwenye za AA (asiye na jeni hiyo). Kimelea cha malaria kikiingia humo, maikroRNA hizo zinapenya ndani yake na kujiunga na wajumbe wake, mjumbe anakuwa na kichwa kisicho chake, ribosomu haimsomi vizuri. Kimelea chenyewe hakina maikroRNA, hakina Dicer wala Argonaute. Kinanyamazishwa kwa silaha ambayo chenyewe hakina.

Ila sikiliza hapa vizuri: kinga hiyo ni yenu ninyi wenye AS. Mwanao mwenye SS malaria ni hatari kubwa kwake, inaweza kumwangusha damu kwa siku chache. Chandarua kila usiku, na homa yoyote ni hospitali, si kesho.

Daktari_Mtarajiwa

Naunga mkono hilo la homa kwa herufi kubwa. Mama, kwenye vipimo vyake vya himoglobini kuna mahali huandikwa HbF, yaani himoglobini F. Uliwahi kuonyeshwa?

Mama_Wawili

Nimekwenda kuitoa karatasi yake kabatini sasa hivi. Ile ya kwanza, kabla hajaanza dawa. Imeandikwa HbS, halafu chini yake HbF 14.2. Hakuna aliyewahi kuniambia ni nini.

Mwl_Hadubini

Hiyo ndiyo damu yake ya kitoto iliyobaki siku ile, mama, asilimia 14.2. Kliniki ijayo nenda na karatasi hiyo mkononi, umwombe daktari kipimo kirudiwe ili ajue dawa imeipandisha mpaka wapi. Ukipata namba mpya, kama hutajali, irudishe hapa.